Siku Nilipowanywesha Ng'ombe wa Gedi

Mmoja wenu aliniuliza juzi, pale kwenye mafunzo yenu ya visima hapa Garissa, kazi ya kisima ilikuwa na ugumu gani zamani, maana si ilikuwa kuwasha jenereta asubuhi na kuizima jioni. Wenzake walicheka. Mimi nilicheka pia, kwa heshima ya chai mliyonipa. Lakini nilipofika nyumbani kwa binti yangu nilikosa raha, nikamwambia mjukuu anitafutie kalamu. Nimekaa na kisima kimoja, kati ya Hulugho na mpaka, kwa muda unaozidi umri wa wengi wenu. Nikifa bila kuwaambia kilichokuwa kigumu, mtabaki mkidhani ni jenereta.

Basi tuanze na hiyo jenereta, tuimalize. Nilifundishwa na fundi Musyoka, Mkamba wa Kitui aliyeletwa na watu wa maji. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kuogopa maziwa ya ngamia kuliko nyoka. Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha dukani tu, na pampu nilikuwa naiita bambu, naye alinicheka mpaka akakaa chini. Alinionyesha namna ya kushika mpini wa kuwashia: vidole vyote upande mmoja, dole gumba likiwa pamoja na wenzake, kwa sababu injini ikigoma hurudisha mpini nyuma kwa nguvu na kuvunja kidole. Nilimwona mwoga. Hiki kidole gumba changu mlichokuwa mkikitazama kimepinda, ndicho kilicholipia dharau hiyo. Musyoka alikifunga kwa kijiti na kitambaa cha kufutia oili.

"Bishar," akaniambia, "injini haina haraka ya mtu. Ukikuja na hasira yako ya nyumbani, itakupiga. Kaa kwanza kwa kivuli, ikupite, ndio uishike."

Alinifundisha pia kutoa hewa kwenye bomba la dizeli, kusikiliza pampu kwa kuweka bisibisi sikioni, na kujua kwa kiganja juu ya bomba kama maji yanapanda au kisima kimechoka. Kitu pekee ambacho hakunifundisha ni kuvuta dizeli kwa mdomo kutoka kwenye pipa, hilo nilijifundisha mwenyewe, na nikaimeza. Siku nyingi baadaye nilikuwa nikicheua tu mke wangu ananiambia nitoke karibu na moto.

Siku hizi mna sola na kadi. Mtu anagusisha kadi yake, maji yanatoka, anaondoka. Sina ugomvi na sola, haimvunji mtu kidole. Ila hakuna anayesimama birikani tena, pale mifugo inaponywea, na kazi yetu ilikuwa birikani, si kwenye chumba cha injini.

Ya birikani nilifundishwa na Ayeeyo Dahabo. Ayeeyo ni bibi, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee wenzake. Alikulia kwenye visima vya kuchimbwa kwa mkono, vile ambavyo watu husimama ndani ya shimo mmoja juu ya mwingine wakirushiana ndoo, na macho yake yaliona kila kitu isipokuwa adabu. Nilikuwa bado mgeni kazini walipokuja ng'ombe waliotembea kutoka mbali, mbavu nje, macho yamezama. Niliwaonea huruma, nikafungua koki mpaka mwisho. Fimbo yake ilitua mgongoni mwangu mbele ya watu wote, kisha akaifunga ile koki mwenyewe.

Ng'ombe aliyekauka, tena tumboni hana kitu, akinywa mpaka atosheke anavimba, miguu inatetemeka, anaanguka, na anakufa pua bado mbichi. Unampa kidogo, unamfukuza. Akapumzike kivulini, kisha unamrudisha na kumpa kidogo tena. Inataka watu wawili wenye fimbo, mmoja kila upande wa birika, na inataka roho ngumu, maana anavyokutazama unaweza kulia. Liandikeni hilo mahali, kwa sababu kadi yenu hailijui.

Jambo la pili alilonifundisha ni dua. Kwetu pale kundi halikunywa hivi hivi. Mwenye kufungua maji alikuwa anainua mikono na kuwaombea wenye mifugo: Mungu awape mvua, awape majani, awajazie viwele, awahifadhie wana wenu. Mwenye mifugo naye ameinua mikono, anaitikia amin, ndipo koki inafunguliwa. Ukiruka neno hashushi mikono, anangoja mpaka ulimalize. Ayeeyo alikuwa mkali kwa hilo kuliko hata kwa ng'ombe. Alisema maji si yangu, na baraka pia si yangu, mimi ni bomba tu. Tena alisema mtu anayewaombea wengine mchana kutwa, jioni hakosi chake. Nimezeeka nikikingoja hicho changu.

Sasa nifike pale ambapo sikutaka kufika.

Mwanangu wa kwanza, Hassan, aliuawa malishoni. Ulikuwa ugomvi wa majani, vijana wawili waliozoea kusalimiana, na mmoja alikuwa na bunduki. Aliyepiga risasi alikuwa mwana wa Gedi, mfugaji wa ukoo tunaopakana nao, mtu niliyemnyweshea ng'ombe wake miaka yote. Kijana alikimbilia ng'ambo ya mpaka. Gedi na watu wake walihama. Wazee wa pande mbili walikaa, wakazungumza, wakaagana kwa amani, na mimi nilitikisa kichwa kukubali kwa sababu sauti sikuwa nayo. Nisisingiziwe kwamba nilisamehe. Nilimchukia yule kijana, nikamchukia baba yake aliyemzaa, na asubuhi nikizungusha mpini nilikuwa nazungusha kwa chuki mpaka injini ikawaka kwa kuogopa.

Nilibakiwa na mwana mmoja, Yusuf, wengine ni mabinti. Alikuwa mtu mzima, anaendesha lori la kupeleka maji kambini Ifo, kwa wakimbizi. Siku ya mazishi hakulia. Baadaye binamu zake wakaanza kuja, wanakaa naye pembeni, nikipita wananyamaza. Mama yake ndiye aliyenionyesha kilichokuwa nyuma ya kiti cha lori, bunduki iliyofungwa kwa gunia.

Basi nilijua. Yusuf angemtafuta mwana wa Gedi, akimkosa huyo angempata ndugu yake, yeyote. Kisha watu wa Gedi wangemtafuta Yusuf. Kwetu hilo halihitaji kuelezwa, kila mtu ameliona likizunguka nyumba kwa nyumba. Nilimsihi, nikamletea shekhe, nikamtuma dada yake. Alisikiliza kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye njia ya Diff, maana huko ndiko watu walikosema kijana ameonekana. Nilikuwa nimezika mmoja, na yule wa pili alikuwa mbele yangu anakunywa chai.

Ukame ukaja. Visima vya kando vilikauka, na changu kikawa kinachoka mapema, pampu inakunywa hewa, nakipumzisha kisha nakirudia. Watu walifika kutoka sehemu ambazo sikuwahi kuzisikia. Mchana mmoja nikaona vumbi, na chini ya vumbi Gedi, mkewe, na ng'ombe wake waliobaki.

Kwetu mtu ambaye mwanawe ameua hasogei majini mpaka mwenye msiba amwite. Gedi hakusogea. Alisimama mbali, ng'ombe wamenusa maji wanalia, yeye na mkewe wanawazuia kwa fimbo na kwa vifua vyao. Angesimama pale mpaka wa mwisho aanguke. Watu wote birikani waliacha walichokuwa wakifanya, wakanitazama.

Yusuf alikuwa hapo akijaza lori. Alikuja akasimama karibu nami, akaniita Aabo, baba, kisha akasema kwa Kiswahili ili wafugaji wasielewe.

"Aabo, mwite. Fungua maji yote. Wacha ng'ombe yake ikunywe mbaka ishibe."

Alikulia kwenye lile birika, alijua anachosema.

"Hakuna damu hapo, hakuna mtu ataongea. Umembatia maji, basi. Ikikufa ni Mungu." Kisha akasema, "Halafu mimi nitaachana na maneno ya Diff. Wallahi, Aabo. Hii itanitosha."

Nataka mlielewe hilo kabla hamjanihukumu kwa upande wowote. Mwanangu alikuwa ananipa maisha yake kwa bei ya ng'ombe wa adui. Nilihitaji kuzungusha koki tu, jambo nililofanya kila siku, na kwa mtu asiyejua ningeonekana mkarimu. Mkono wangu ulikuwa juu ya ile koki tayari. Nilitaka. Nilitaka kumwona Gedi amesimama katikati ya mizoga bila la kusema, kama nilivyosimama mimi.

Lakini Gedi ni mtu wa ng'ombe. Angeona maji yanamwagika kwa wingi, angenitazama usoni, angejua. Na akinyamaza yeye, ndugu zake wasingenyamaza. Ile ahadi ya Yusuf ingekuwa ya upande mmoja tu. Nilikaa kivulini kidogo, kama Musyoka alivyoniambia, nikingoja ile hasira inipite. Haikupita. Nikainuka nayo hivyo hivyo.

"Gedi," nikaita, "soo dhawow." Karibu.

Akaja, ng'ombe wakisukumana nyuma yake. Tukasimama, birika katikati. Alikuwa amekonda, ndevu zake zimekuwa nyeupe kabisa. Akainua mikono, mkewe naye nyuma yake akainua yake. Nami nikainua.

Nikasema, Mungu awape mvua. Mungu awape majani. Mungu awajazie viwele.

Lile la nne liligoma kutoka. Nilijua wanawe ni akina nani. Nikilisema, namwombea aliyemuua Hassan aishi. Na kulikuwa na zaidi ya hapo. Mwenye msiba akilisema neno lile mbele ya watu, jambo limefungwa. Wa nyumba yangu atakayeinua mkono juu ya wana wa Gedi amevunja dua ya baba yake, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayesimama naye wala kumficha wala kumpa hata maji. Gedi alilijua. Hakuitikia, hakushusha mikono. Mkewe alikuwa analia bila sauti. Ng'ombe mmoja alikuwa amepiga magoti.

Yusuf alielewa kabla yangu. "Aabo, hapana," akasema, kwa Kisomali safari hii, kwa sauti ya kusikika na wote.

"Mungu awahifadhie wana wenu," nikasema.

Gedi alifungua mdomo, amin haikutoka. Mkewe ndiye aliyeisema kwanza.

Tulisimama na fimbo tangu adhuhuri mpaka jua likapoa, yeye upande ule, mimi upande huu, tukiwarudisha na kuwaleta, kuwarudisha na kuwaleta. Hatukuzungumza, isipokuwa yale ya kazi: huyu bado, huyu atoke, shika yule mwekundu. Fahali mmoja alinikanyaga mguu, na Gedi akamtoa juu yangu kwa bega. Hakuna aliyekufa siku ile. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya birikani, na niliifanya kwa chuki ile ile.

Tulipomaliza Yusuf alikuwa ananingoja kwenye chumba cha injini.

"Umenifunga mikono mbele ya watu," akasema. "Hassan ameuawa, na mimi umenifanya si mtu. Kila nitakapopita watasema, yule ndiye aliyeshindwa."

"Utakuwa hai," nikamwambia.

"Sikukuomba hilo."

Aliiweka ile bunduki na gunia lake miguuni pangu, akaondoa lori. Niliipeleka kwa chifu. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia, maana habari kwetu hazingoji mtu. Alinipakulia chakula, akakaa mbele yangu. "Umewaombea kwa mdomo wako," akasema. "Mdomo wangu haukuulizwa." Hakulirudia tena neno hilo mpaka alipofariki, na hakuhitaji. Yusuf alikuja kumzika mama yake. Alisimama upande wa pili wa kaburi, akatupa udongo, akaondoka bila kunipa mkono.

Najua mnangoja niseme nilibarikiwa. Vitabu vyenu vya hekima vinamalizika hivyo. Mvua niliyowaombea haikuja msimu ule. Ng'ombe wa Gedi, wale niliowanywesha kwa uangalifu wote ule, walikufa njiani wakitafuta majani, mmoja mmoja, na Gedi leo anauza maji kwa mkokoteni wa punda hapa Garissa, katika bula, yaani mtaa, iliyo nyuma yetu. Tunaswali safu moja. Mara nyingine ananiletea maziwa, ananiambia, "Walaal, kunywa," ndugu, kunywa, tunakaa mpaka yaishe. Ni mtu mzuri. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa mbaya.

Mwanawe alirudi. Ameoa, ana watoto. Alikuja kunisalimu akiwa amefuatana na baba yake, akainama, akaubusu mkono wangu, na nilitaka kwenda kuuosha. Nikamwambia Mungu akuhifadhi. Nilisema meno yameumana, lakini nilisema. Watu wananinyooshea kidole sokoni, wanawaambia watoto wao, yule ndiye Bishar wa kisima, yule amebarikiwa. Kweli, hakuna aliyezikwa baina ya nyumba zetu mbili tangu siku ile. Watoto wa pande zote wanachunga pamoja, na wengi hawajui hata kwamba kulikuwa na jambo. Baraka ilikuja, siikatai. Ninavyoona mimi asubuhi nyingi ni kwamba iligawanywa kwa kila mlango, na wangu ukarukwa.

Na ninyi ninawasikia mnavyotukanana kwenye simu, ukoo kwa ukoo, vijana waliosoma, mnatumiana picha za maiti za malishoni na kuapa kulipiza. Sina tumaini kubwa kwamba mtanisikia. Sikusikilizwa na mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini mmeniuliza juu ya kazi, nami nawajibu kazi. Kundi la mtu mnayemchukia litafika kwenye kisima chenu, na mashine itampa maji bila kuwauliza. Msijifiche nyuma ya paneli. Nendeni birikani, chukueni fimbo, inueni mikono, mseme maneno yote mpaka la mwisho. Msingoje roho ikubali kwanza. Yangu haijakubali mpaka leo, na watoto wa watu wanachunga.

Yusuf yuko Mandera, bado anaendesha malori. Kila Ijumaa baada ya swala nampigia. Simu inaita, inaita, kisha inakatwa. Mjukuu wangu huniambia, "Awoowe," babu, "acha tu, yeye hataki." Najua hataki. Namba ya Hassan bado ninayo humu ndani ya simu, na nikiipiga haiiti kabisa. Hii ya Yusuf inaita, na upande wa pili kuna mtu mwenye mkono anayeiona, anakasirika, anaikata. Ijumaa ijayo nitapiga tena, na namwomba Mungu Yusuf awepo aikate.